Hita Imeandika E1

Maneno haya niliyasema Moshi, mwezi Novemba, mbele ya wenye nyumba, wasimamizi wa nyumba za wageni na mafundi vijana. Waliokosa kufika waliniomba niyaandike. Nimeyaacha karibu kama yalivyotoka mdomoni, ila utani mwingine nimeupunguza.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana, habari za kazi.

Nianze na simu niliyopigiwa mwezi wa saba, ile wiki ambayo mlima haukuonekana kabisa kwa mawingu. Saa kumi na mbili asubuhi, mama mmoja wa Soweto, hapa hapa Moshi, ananiambia: "Fundi, hita yangu ya gesi imeharibika, inaandika 45. Nimeizima tangu juzi, watoto wanaoga maji ya kuchemsha kwenye sufuria." Nikamuuliza, mama, kabla hujaizima maji yalikuwaje? "Ya moto tu." Na hiyo 45 ilikuwa inaonekana muda gani? "Kila tukifungua bomba."

Mama, hizo ni nyuzi joto. Mashine ilikuwa inamwambia maji yake yako tayari.

Msimcheke. Yule mama alifanya jambo ambalo wengi wetu hatufanyi: alitazama kioo cha hita. Sisi wengine tunaoga miaka mitatu hatujawahi kutazama kinachoandikwa pale, mpaka siku maji yanapokuwa baridi. Na siku hiyo tukiona herufi E na namba mbele yake, tunachojua ni kitu kimoja: mashine imekufa, aitwe fundi, na fundi akifika atasema bodi, ile sakiti ya umeme inayoiongoza hita.

Leo nataka tuzungumze kuhusu hiyo E na namba yake. Vijana wa dukani wanaiita "kodi ya hitilafu". Mimi siwezi, maana ukibisha hodi kwa mtu Moshi ukasema umekuja kuangalia kodi, atadhani umetumwa na TRA. Nitaiita namba tu.

Namba ile ina maana gani? Fikirieni basi linalotoka hapa kwenda Arusha. Linapita Boma Ng'ombe, linapita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, ndipo linaingia mjini. Ukiwa Arusha unamsubiri mgeni, kondakta akakupigia simu akasema "tumekwama Boma", umejua nini? Umejua lilipofika. Hujui kama ni mafuta, ni pancha, au wamesimamishwa barabarani. Ukinunua tairi jipya kwa sababu umesikia neno "Boma", umepoteza hela.

Hita ya gesi nayo ina vituo vyake. Ukifungua bomba la maji ya moto, kwanza inapima kama maji yanapita. Kama yapo, zile zenye feni zinawasha feni na kuhakikisha moshi una njia ya kutoka. Halafu inapiga cheche, ule mlio wa tik-tik-tik. Kisha vali inafungua gesi. Kisha inatafuta: moto umewaka kweli? Ikiuona moto, inaendelea kupima joto la maji muda wote mnaooga, isije ikawaunguza. Kituo chochote kikigoma, inafunga gesi na kuandika namba ya kituo hicho. Namba inaeleza safari imeishia wapi. Kwa nini imeishia pale, haiwezi kujua, kwa sababu haina macho ya kuona mtungi ulioko nje wala simtanki lililoko juu ya nyumba.

Jambo la pili: namba hizi hazina lugha moja. Kila kiwanda na yake. Chukueni ugonjwa mmoja tu, ule wa "nimepiga cheche, moto haukuwaka". Kwenye boila za Vaillant za Ulaya, zile hita za kupasha nyumba nzima, utaandikwa F28. Ideal wanaandika L2. Worcester Bosch wanaandika EA. Baxi wengi wanaandika E133. Ukienda kwa Rinnai wa Japani utakuta 11. Hizi hita ndogo tunazouziwa hapa, nyingi zinaandika E1, lakini si zote. Kwa hiyo kijana anayesema amezikariri namba zote, mwulizeni amezikariri za kampuni gani. Kitabu kilichokuja ndani ya boksi ndicho chenye jibu, na hicho ndicho tunachofungia vitumbua. Kikipotea, funueni mfuniko wa betri au tazameni ubavuni: hita nyingi zina karatasi iliyobandikwa yenye jedwali la namba. Pigeni picha karatasi hiyo leo jioni, kabla mvuke haujaifuta.

Sasa niwaambie kosa langu mwenyewe, maana nisipolisema mimi atalisema mwingine humu ndani.

Miaka ya nyuma niliitwa kwenye nyumba moja Arusha, maeneo ya Njiro. Hita ya lita 10 kwa dakika, nzuri, mpya. Inaandika E1 kila asubuhi, baba akiwa katikati ya kuoga, na sabuni kichwani. Nilipofika mimi saa tano mchana, inawaka vizuri. Nikaizima, nikaiwasha, inawaka. Nikasema hii ni bodi, inashika na kuachia. Bodi ikaagizwa Dar, ikaja baada ya siku tisa, nikafunga, nikalipwa. Kesho yake asubuhi: E1, sabuni kichwani.

Nilirudi pale saa kumi na moja alfajiri, kwa aibu, nikiwa na tochi. Nikamwomba mzee aoge kama kawaida, mimi nikakaa nje penye mtungi. Ulikuwa mtungi wa kilo 6. Baada ya dakika kama sita nikaushika. Ulikuwa baridi kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji, na jasho linatiririka ubavuni. Nikasikia mzee analalamika ndani.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyenifundisha. Gesi ndani ya mtungi ni kimiminika. Ili igeuke kuwa hewa ya kuwaka, lazima ifyonze joto kutoka kwenye mtungi wenyewe na hewa iliyouzunguka. Jiko la kupikia linakula labda robo kilo kwa saa likiwa limefunguliwa sana, na mtungi mdogo unamudu. Lakini hita ya lita 10 inakula takriban kilo moja na nusu kwa saa. Mtungi wa kilo 6, alfajiri ya Julai, hauwezi kutoa gesi kwa kasi hiyo. Unapoa, presha inashuka, moto unadhoofika, hita inasema haioni moto, E1. Saa tano mchana jua limeupasha mtungi, fundi anafika, kila kitu kizima. Mtungi ukiwa umebaki robo ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kimiminika kilichobaki ni kidogo na eneo linalopokea joto ni dogo.

Dawa yake ilikuwa mtungi wa kilo 38, au miwili ya kilo 15 iliyounganishwa, pamoja na regyuleta inayolingana na hita, si ile ya jiko dogo. Hela ya bodi nilimrudishia yule mzee kwa awamu tatu. Na tafadhali, mtungi ukipoa msiuwekee moto chini, hata wa karatasi. Nimeona mtu akifanya hivyo na mshumaa. Sitaki kumtaja, ni ndugu yangu.

Kwa hiyo mkiona namba ya moto, kabla ya kumwita mtu, tembeeni nje kwanza. Jiko la gesi linawaka vizuri kwenye mtungi uleule? Mtungi una uzito? Koki imefunguliwa yote? Mpira wa gesi haujakunjwa nyuma ya ukuta? Betri je? Hita nyingi ndogo zinatumia betri mbili kubwa, zile za redio za zamani, kupiga cheche. Betri zikichoka, ule mlio wa tik-tik unakuwa wa uvivu, au haupo kabisa. Zibadilisheni zote mbili kwa pamoja. Kuchanganya mpya na ya zamani ni kuidhulumu ile mpya.

Upande wa maji, tatizo letu hapa ni urefu. Simtanki likiwekwa kwenye mnara wa mita 10 unapata presha ya baa moja hivi. Baa ni kipimo cha presha; kila mita moja ni sehemu ya kumi ya baa. Hita nyingi zinahitaji walau robo ya baa ili zianze. Sasa mtu ana nyumba ya ghorofa, simtanki limekaa juu ya dari, bafu la juu lipo mita moja chini yake. Bafu la chini hita inawaka, la juu haiwaki, na mara nyingi haiandiki chochote, kwa sababu kwa akili yake hakuna aliyefungua bomba. Watu wanasema ina mashetani. Ama inueni tanki, ama wekeni pampu ndogo. Na kabla ya hayo, fungueni kichujio kidogo kilichopo pale maji yanapoingilia. Funga koki, zungusha kwa mkono au spana, toa wavu, osha. Mchanga unaotoka humo baada ya mvua za masika, unaweza kuotesha mchicha.

Nina mpwa wangu anaishi Leicester, Uingereza. Kule boila inapasha nyumba nzima, maji ya moto yanazunguka kwenye mabomba ndani ya kuta na vyumba. Maji yale yamefungiwa ndani, na yakiwa baridi geji inatakiwa isome kati ya baa 1 na 1.5. Ikishuka chini sana boila inagoma: Vaillant itaandika F22, Ideal F1, Baxi E119. Mara nyingi mwenye nyumba anaongeza maji mwenyewe kwa koki ya kujazia, lakini kila wiki akiongeza ajue kuna mahali panavuja. Basi mwaka mmoja wakati wa barafu mpwa wangu ananitumia picha, boila imeandika namba ya moto, na tumboni mwake inabubujika kama birika. Boila za kisasa za kule zinapoza moshi wake mpaka mvuke ugeuke maji, ili zisipoteze joto, na kwa England na Wales zimekuwa sharti kwa kiwango kikubwa tangu 2005. Maji hayo yanatoka kwa bomba dogo la plastiki kupita nje. Usiku ule bomba lilikuwa limeganda barafu. Maji yakarudi ndani, moto ukazimika. Nikamwambia mwagia bomba la nje maji ya vuguvugu, yasiwe yanayochemka, kisha iwashe upya. Ikawaka. Mimi nipo Pasua, Moshi, nakunywa mtori, naponya boila ya Leicester. Lakini nilimwonya pia asifungue mfuniko: kule sheria inataka anayefanya kazi ya gesi awe ameandikishwa kwenye Gas Safe Register, orodha ya mafundi wa gesi iliyoanza Aprili 2009 badala ya ile ya zamani ya CORGI. Hapa kwetu mwenye bisibisi ndiye aliyeandikishwa.

Tuje kwenye Desemba, maana ndiyo sababu nimekubali kuja leo badala ya mwezi wa pili.

Mnajua wenyewe. Nyumba ya Marangu, ya Machame, ya Kibosho, imefungwa tangu Januari. Tarehe 23 magari yanapanda kutoka Dar, watoto wamelala siti ya nyuma, mama anataka kuoga, mlima umeshusha baridi yake. Mtu anafungua bomba. E1. Simu zangu za tarehe 23 na 24 jioni zinatosha kunifanya nisile sikukuu.

Ndani ya ule mwaka, haya ndiyo yamefanyika. Betri zimevuja na kutoa unga mweupe ulioila shaba. Buibui amejenga ndani ya tundu la gesi na kwenye midomo ya kichomeo. Utando wake ni mwembamba, lakini unatosha kuharibu mchanganyiko wa gesi na hewa, moto ukawaka wa njano au ukarudi nyuma. Nyigu ameweka tope kwenye bomba la moshi. Panya amekula mpira. Na maji yaliyobaki ndani yamekauka, kichujio kikawa kama tofali. Hakuna hata kimoja katika hivyo kinachoitwa bodi.

Ukifunga nyumba Januari, toa betri, funga koki ya mtungi na ya maji, fungua kizibo cha chini hita imwage maji yote, na mdomo wa bomba la moshi uwekee wavu wa chuma ulio wazi, usiuzibe. Na umwambie mlinzi aiwashe mara moja Novemba. Yaani wiki hii.

Vijana mafundi, sogeeni kidogo, hili ni la kwenu. Mnajua hita inaonaje moto? Haina jicho. Moto unapitisha umeme. Kuna kijiti cha chuma kinachokaa ndani ya moto, bodi inakipelekea umeme, na moto ukiwepo mkondo mdogo sana, sehemu za milioni za ampia, unapita kuelekea upande mmoja. Mkondo ukikosekana, vali inafungwa. Sasa kijiti kikipakwa masizi, au ule utando mweupe, moto unaweza kuwa unawaka mbele ya macho yako na mashine ikasema haiuoni. Inawaka sekunde chache, inazima, E1. Kipige msasa laini, kipanguse, kaza waya wake, angalia hakijapinda kikatoka nje ya moto. Kazi ya dakika kumi. Nimeona bodi tatu zikinunuliwa kwa ajili ya kijiti kichafu. Moja niliinunua mimi, hamkosei.

Na namba za joto: sensa nyingi za hita zinasoma ukinzani wa kama kilo-ohm 10 kwenye nyuzi 25, na zikipata joto usomaji unashuka. Ichomoe, ipime kwa mita, itumbukize kwenye kikombe cha maji ya moto, tazama kama inashuka taratibu. Ikiruka-ruka au isiposhuka, imekufa. Ikishuka vizuri, tafuta kwenye waya.

Kumbukeni pia tupo juu. Arusha ipo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Dar. Maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Hita iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya pwani, ikifika huku inapata gesi nyingi kwa hewa kidogo. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano na unaacha masizi, hata kama kioo hakijaandika kitu, hiyo mashine ina hitilafu.

Hapa sitanii tena. Moto wa njano unatoa kabonimonoksaidi. Haina harufu, haina rangi. Inashikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani msimu wa baridi. Hakuna mtu humu ambaye hajasikia msiba wa namna hiyo. Hita ya gesi isiyo na bomba la moshi la kwenda nje haikai bafuni. Mkioga mkahisi kichwa kinauma na miguu inalegea, zimeni, fungueni dirisha, tokeni. Gesi ya mtungi yenyewe ina harufu kwa sababu imetiwa dawa ya kunuka makusudi, na ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini. Mkisikia harufu hiyo, msiguse swichi yoyote. Milango wazi, mtungi ufungwe, watu nje.

Ndiyo maana nawaomba msibonyeze kitufe cha kuwasha upya mara kumi. Mara moja, sawa. Mara ya pili, baada ya kusubiri dakika tano. Kila jaribio lililoshindwa limeacha gesi kidogo ndani ya kichomeo. Jaribio la saba likipata cheche, linaiwasha gesi yote kwa mpigo. Nina nyusi hizi kwa neema ya Mungu, ziliwahi kwenda.

Wenye hita za umeme mmenyamaza tu. Zenu nyingi haziandiki namba, ila zina kitufe chekundu cha kinga ya joto ndani ya mfuniko; kikiruka mara kwa mara, kidhibiti joto kimechoka. Na ile ya kuogea papo hapo ya kilowati 5.5 inavuta ampia 24. Msiiunge kwenye waya wa taa, na msiiwashe kama nyumba haina ethi.

Maswali yalikuwa mengi. Nitaandika la mwisho tu.

Mzee mmoja wa Kibosho alisimama, akaegemea fimbo: "Mwanangu, mimi hita yangu ni pipa lililojengewa matofali, linachomwa kuni. Halina kioo. Nitajuaje likiugua?"

Nikamjibu, mzee, lako linaandika kwa moshi. Ukiwa mzito, kuni mbichi au dohani imejaa masizi. Ukirudi mlangoni badala ya kupanda, dohani imeziba. Likigonga-gonga ndani kama mtu anapiga nyundo, maji yanageuka mvuke na hayana pa kutokea. Akasema: "Hilo la kugonga lipo. Tangu Pasaka."

Nikamuuliza, lile bomba jembamba linalopanda juu ya tanki, la kupumulia, lipo wazi?

"Nililiziba. Popo walikuwa wanaingia."

Uliliziba kwa kitu gani?

"Kwa gunzi la mahindi."

Maji yakigeuka mvuke yanatanuka zaidi ya mara 1,600. Nilimwomba mzee apige simu nyumbani pale pale, moto uachwe uzimike wenyewe, mtu asiguse pipa wala kuongeza maji ya baridi. Mjukuu akapokea. Akasema bibi yupo jikoni na kuni ameshachochea. Sikumaliza kufunga mkutano; mwenyekiti alitoa funguo za gari lake, tukapanda Kibosho watatu, mzee mbele, akituonyesha njia kwa fimbo.